Muulize Amefikaje Hapo: Jinsi Mwalimu wa Hisabati Anavyokomaa



Wiki mbili zilizopita nilipanda tuktuk nikitoka sokoni Kongowea na mfuko wangu wa viazi. Dereva alinitazama kwenye kioo, akanitazama tena, kisha akasema: "Mwalimu, hunijui?" Nikamtazama vizuri. Mtu mzima mwenye ndevu, kofia kichwani, umri wa miaka thelathini na kitu. Nikamwambia anisamehe, wanafunzi ni wengi na kichwa kimoja. Akacheka. "Mimi ni yule wa mbili juu ya tano."

Wallahi nilimkumbuka papo hapo, na viazi vikanizidi uzito mapajani.

Ilikuwa mwaka 2004. Mimi mwalimu mpya, diploma yangu bado yanuka wino. Niliandika ubaoni, mbele ya kidato cha kwanza, hesabu hii: 1/2 + 1/3. Nikauliza nani ana jibu. Kijana mmoja wa nyuma akainua mkono, akasema mbili juu ya tano, yaani 2/5. Nikacheka. Nikamwambia mbele ya wenzake kwamba hesabu za maskani aziache maskani. Darasa zima likaangua kicheko. Nikaandika jibu sahihi, 5/6, nikaonyesha hatua moja baada ya nyingine, nikafuta ubao, nikaendelea na somo. Kijana yule hakuinua mkono tena katika kipindi changu mwaka ule mzima.

Sasa yuko mbele yangu ameshika usukani. Alinieleza, bila kinyongo, kwamba alitaka kusomea umeme katika chuo cha ufundi, na alama yake ya hisabati ya kidato cha nne ndiyo iliyomfungia mlango. Kisha akasema jambo ambalo mpaka leo linanikereketa: "Lakini mwalimu, hakuna mtu aliyewahi kunambia mbona ile haikuwa sawa. Nilinambiwa tu si sawa."

Neno lile ndilo lililonikalisha niandike makala haya.

Kila matokeo ya mitihani yanapotoka, barazani kwetu maneno ni yale yale. Mzazi asema walimu hawafundishi. Mwalimu asema watoto hawasomi. Na wapo wanaosema, tena kwa sauti kubwa, kwamba watoto wa pwani hesabu haziwaingii. Safari hii jambo lenyewe ni zito zaidi, kwa sababu mwaka 2025 Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba hisabati itabaki somo la lazima kwa kila mwanafunzi wa sekondari pevu, hata yule asiyechukua mkondo wa sayansi, ingawa viwango vitakuwa viwili: kimoja kizito na kingine chepesi. Kwa hivyo hakuna mtoto atakayeikimbia hesabu. Basi ni vyema tuulize: mwalimu wa hisabati anakuwaje mwalimu mzuri? Wengi wetu tunafikiri ni cheti. Mimi nina cheti, na nimewaeleza nilichokifanya nacho.

Kosa lina njia yake

Tulipofika nilipokuwa nikishuka, sikushuka. Nilimwomba azime injini. Nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kumuuliza miaka ishirini nyuma: "Siku ile, ulifikaje kwenye mbili juu ya tano?"

Hakufikiri hata kidogo. "Nilifikiria penalti, mwalimu. Jumamosi nimepiga mbili, nimefunga moja. Jumapili nimepiga tatu, nimefunga moja. Jumla nimepiga tano, nimefunga mbili."

Msomaji, tulia hapo kidogo ulitazame jibu hilo. Je, amekosea? Kwa hesabu ya penalti, hakukosea hata chembe. Aliyefunga 1 kati ya 2, kisha 1 kati ya 3, kwa jumla amefunga 2 kati ya 5. Kijana yule hakuwa mjinga wala mvivu. Alikuwa amejibu swali jingine, na akalijibu sawasawa.

Tofauti iko wapi? Iko kwenye kitu kizima kinachogawanywa. Katika penalti, vitu vizima ni viwili tofauti: mikwaju miwili ya Jumamosi na mikwaju mitatu ya Jumapili. Ukiviunganisha, unapata kitu kizima kipya cha mikwaju mitano. Lakini ubaoni, 1/2 na 1/3 zilikuwa sehemu za kitu kimoja kile kile. Chukua mkate wa sinia mmoja. Nusu yake, ukiongeza thuluthi yake, ni kiasi gani cha mkate ule ule? Mkate haukuongezeka ukawa miwili. Ni ule ule mmoja.

Nikamwambia: "Sasa pima jibu lako. Mbili juu ya tano na nusu, ipi kubwa?" Akatia akili. Nusu ya tano ni mbili na nusu, kwa hivyo mbili juu ya tano haifiki nusu. Akageuka kwenye kiti. "Yaani nilipewa nusu ya mkate, nikaongezwa thuluthi, nikabaki na chini ya nusu? Huyo aliyenipa mkate ni mwizi!" Tukacheka sote wawili. Lakini mimi kicheko changu kilikuwa na uchungu ndani yake, kwa sababu maelezo yale yote hayakuchukua hata dakika tano.

Kisha akauliza: "Basi mbona hukunambia siku ile?"

Nikamjibu ukweli. Siku ile sikujua. Jibu la 5/6 nilikuwa nalo. Nilichokuwa sina ni kujua 2/5 inatoka wapi.

Elimu ya tatu

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Tunapozungumzia mwalimu wa hesabu, huwa tunataja elimu mbili. Ya kwanza ni kuijua hisabati yenyewe. Ya pili ni kujua kufundisha kwa jumla: kutuliza darasa, kuandika vizuri ubaoni, kupanga kipindi. Nilipotoka chuoni nilikuwa na zote mbili kwa kadiri yangu.

Mwaka 1986 mtaalamu wa elimu wa Marekani, Lee Shulman, alichapisha makala akisema kuna elimu ya tatu ambayo watu wameisahau. Ni elimu ya mwalimu peke yake, iliyo katikati ya hizo mbili. Ni kujua mada ipi huwatatiza wanafunzi na kwa nini, mfano upi utaifungua, mchoro upi utaipotosha, na mtoto akikosea kwa namna fulani, ana maana gani kichwani mwake. Mhandisi anaweza kujua hisabati kuliko mwalimu, lakini elimu hii hana, kwa sababu kazi yake haimdai. Mwalimu bila elimu hii ni kama nahodha anayejua chombo chake vizuri lakini hajui miamba iko wapi.

Nikupe jaribio dogo. Gawanya 1 3/4 kwa 1/2. Wengi tutakumbuka ile kanuni ya skuli: geuza, kisha zidisha. Jibu ni 3 1/2. Sasa nipe kisa cha maisha ambacho hesabu hiyo inakieleza. Nimewauliza watu wengi wenye elimu zao, na aghlabu huanza hivi: "Nina kilo moja na robo tatu za sukari, nazigawa baina ya watu wawili..." La. Huko ni kugawanya kwa 2, si kwa 1/2. Kisa sahihi ni hiki: nina kilo moja na robo tatu za sukari, nazifunga katika pakiti za nusu kilo. Nitapata pakiti ngapi? Pakiti tatu kamili, na itabaki robo kilo. Robo kilo hiyo ni nusu ya pakiti. Ndiyo maana jibu ni tatu na nusu. Na ndiyo maana pia mtoto akiandika "tatu na robo" usimcheke: ameiona robo kilo iliyobaki, akasahau kwamba sasa tunahesabu pakiti, hatuhesabu kilo.

Hesabu hiyo hiyo iliulizwa na mtafiti Liping Ma katika kitabu chake cha mwaka 1999, alipowalinganisha walimu 23 wa Marekani na walimu 72 wa China wa skuli za msingi. Walimu wa China wote walipata jibu, na wengi mno wakatoa kisa sahihi. Wamarekani waliopata jibu kamili hawakufika nusu. La ajabu ni kwamba Wachina wale walikuwa wamesoma miaka michache darasani kuliko wenzao wenye digrii. Uelewa wao mwingi waliupata baada ya kuajiriwa: kwa kukaa na kitabu cha kiada wakikichambua, kwa kufundisha mada ile ile mwaka baada ya mwaka wakiitafakari, na kwa kujadiliana na walimu wenzao katika chumba cha walimu.

Habari hiyo inanipa matumaini mimi mwenye diploma. Kumbe uwezo huu waweza kumea mtu akiwa kazini, mradi apate mahali pa kuukuza.

Sikukomaa peke yangu

Kenya tumekuwa na jaribio letu wenyewe. Mwaka 1998 serikali yetu na ile ya Japani, kupitia shirika la JICA, zilianzisha mradi wa SMASSE wa kuwaimarisha walimu wa hisabati na sayansi wa sekondari. Ulianza katika wilaya chache za majaribio kisha ukaenea nchini, na kituo chake kikuu, CEMASTEA, kiko Karen, Nairobi. Walimu tulikutana wakati wa likizo. Mimi nilikwenda mara ya kwanza nimenuna, nikiwaza likizo yangu inavyoliwa. Nilirudi na maneno manne ambayo sijayasahau: panga, tenda, tazama, boresha.

Maneno matatu nilikuwa nikiyafanya, au nikidhani nayafanya. Neno lililonishika ni "tazama". Nilikuwa sitazami.

Wajapani wana desturi yao ya tangu zaidi ya miaka 100, ambayo wanaiita utafiti wa somo. Walimu kadhaa huchagua mada moja ngumu. Hupanga pamoja kipindi kimoja tu, kwa undani kabisa: swali la kwanza litakuwa lipi, wanafunzi watajibu nini, nani atakosea na kwa njia gani. Mmoja wao hukifundisha. Wengine hukaa darasani kutazama, na wanachokitazama ni wanafunzi, si mwalimu. Baadaye hukaa pamoja, hukirekebisha kipindi, na mwenzao mwingine akakifundisha upya kwa darasa jingine.

Skulini kwetu tulijaribu kitu kama hicho, walimu wanne tu. Mmoja alikuwa mwalimu mwanamke, mtu wa Lamu, aliyefundisha hesabu tangu mimi nikivaa kaptula. Alikaa nyuma ya darasa langu dakika arubaini, daftari mkononi. Tulipotoka nilitarajia sifa, kwa sababu hati yangu ubaoni ni nzuri. Akanambia kwa upole: "Mwanangu, umeandika vizuri. Lakini wewe na ubao mlikuwa mkizungumza wenyewe kwa wenyewe. Watoto kumi na wawili wa upande wa dirishani wamefanya kosa moja, na wewe hukuliona." Akanionyesha daftari lake. Alikuwa amenakili kosa lenyewe, na mara ngapi limetokea.

Kosa lilikuwa ni lile lile. 1/2 + 1/3 = 2/5.

Tulikaa wanne tukalipanga upya somo la sehemu. Jaribio la kwanza tulichora mikate ya duara ubaoni. Halikufaa, kwa sababu kuikata duara mara tatu sawasawa ni shida hata kwa mwalimu, na watoto walibishana juu ya mchoro badala ya hesabu. Jaribio la pili tulikata karatasi za madaftari ya zamani ziwe vipande virefu vilivyolingana. Kila mwanafunzi akapewa vitatu. Cha kwanza akunje mara mbili, cha pili akunje mara tatu. Halafu tukawauliza: nusu hii na thuluthi hii, tukiziunganisha ncha kwa ncha, zitafika wapi kwenye kipande cha tatu? Tusiwape kanuni. Tuwaache wahangaike.

Walihangaika kweli. Wengine walikunja mara nne, wengine mara tano. Hatimaye meza moja wakakunja mara sita, wakaona nusu inakaa kwenye mikunjo mitatu kamili, na thuluthi kwenye miwili kamili. Tano kati ya sita. Wakati wa kanuni ulipofika, kanuni haikuwa tena uchawi wa mwalimu. Ilikuwa ni jina la kitu walichokwisha kukiona kwa mikono yao.

Tulifanya vivyo hivyo na kosa jingine maarufu la kidato cha pili, la kusema kwamba (a + b) mraba ni sawa na a mraba kuongeza b mraba. Mtoto analitoa wapi? Analitoa kwenye jambo la kweli: 2(a + b) ni 2a + 2b, naye akadhani mlango ule ule unafungua kila chumba. Basi tukamwambia afikirie chumba cha mita 5 kwa 5, yaani 3 kuongeza 2 kila upande. Tandika mkeka wa mita 3 kwa 3 pembe moja, na wa 2 kwa 2 pembe ya kuikabili. Sakafu imefunikwa mita mraba 13, na chumba ni 25. Kuna mahali pawili pako wazi, kila pamoja mita 3 kwa 2. Hizo ndizo zile "2ab" ambazo hukariri bila kujua ni za nini.

Sheikh alishafundisha

Kuna jambo jingine nililojifunza kwa kuchelewa, na linatuhusu sisi wa pwani hasa. Miaka ile nilidhani mtoto anaingia darasani kwangu mikono mitupu. Kumbe jioni, baina ya magharibi na isha, baadhi ya wanafunzi wangu walikuwa wakisoma mirathi kwa sheikh.

Tazama mas-ala hii. Mwanamke amefariki. Hakuacha mtoto. Ameacha mume, mama, na ammi yake, ndugu wa baba. Mume ana nusu. Mama ana thuluthi. Ammi anachukua kinachobaki. Sheikh hasemi "mbili juu ya tano". Sheikh anasema asili ya mas-ala ni sita: mume tatu, mama mbili, ammi moja. Basi hapo 1/2 + 1/3 imeshajumlishwa, ni 5/6, na 1/6 ndiyo ya ammi. Nambari ile ya chini ambayo vitabu vya hisabati vya Kiswahili huiita asili, sheikh naye anaiita asili.

Lugha yetu yenyewe imejaa sehemu. Nusu, robo, thuluthi, sudusi. Wazee wetu waliita senti 50 thumni, na thumni ndiyo fungu la mjane aliyefiwa na mume mwenye watoto, 1/8. Zaka ya fedha ni robo ya ushuri, yaani robo ya 1/10, nayo ni 1/40, ambayo skulini tunaiandika asilimia 2.5. Pishi ni vibaba vinne. Al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu cha aljebra kule Baghdad katika karne ya tisa, alitenga sehemu kubwa ya kitabu chake kwa hesabu za mirathi na wasia. Wanaosema hesabu si mambo yetu hawajui wanachokisema.

Sisemi somo la hisabati ligeuzwe madrasa. Darasa letu lina watoto wa kila dini na kabila, na yule asiyejua mirathi anajua pakiti za sukari, penalti au nauli ya matatu. Ninachosema ni kwamba mwalimu anayekomaa huwatafutia wanafunzi daraja kutoka kwenye wanachokijua. Mimi niliwaambia hesabu za maskani waziache maskani. Laiti ningezikaribisha.

Cheti na kukomaa

Mwaka 2021 TSC, yaani Tume ya Huduma za Walimu, ilizindua mpango wa mafunzo endelevu kwa walimu wote, na ukazuka mjadala mkubwa juu ya ada, ambayo mwalimu alitakiwa kuitoa mfukoni mwake. Mjadala huo ni wa haki na siuingilii leo. Nasema tu kwamba mafunzo ya aina yoyote, yalipiwe na nani, yatakuwa na faida ikiwa mwalimu akirudi skulini atakuta mahali pa kuyatumia: mwenzake wa kumtazama, na saa moja ya kuzungumza. Bila hivyo cheti kitaingia kwenye faili, na mwalimu atarudi kuzungumza na ubao.

Najua jibu la walimu wenzangu. "Wewe umeacha chaki, unaandika makala. Mimi nina wanafunzi 65 darasani, nitamuuliza nani amefikaje?" Ni swali la kweli, nami nimelibeba swali hilo kwa miaka. Jibu langu ni kwamba makosa si mengi kama wanafunzi. Katika watoto 65 waliokosa hesabu moja, utakuta njia za kukosea ni tatu au nne. Chukua madaftari matano bila kuchagua. Tafuta kosa linalojirudia. Mwite mmoja aliyelifanya, umuulize kwa adabu, pasipo watu, amefikaje. Ukimwelewa huyo mmoja umewaelewa ishirini, na kesho yake kipindi chako kitawalenga wote bila kumtaja yeyote. Kisha liandike kosa hilo kwenye daftari lako mwenyewe. Baada ya miaka mitatu, daftari hilo litakufaa kuliko kitabu chochote cha dukani.

Kwa walimu wakuu, ombi langu ni dogo: kipindi kimoja kwa wiki ambacho walimu wote wa hisabati wako huru kwa wakati mmoja. Wasijaze fomu. Wakae na madaftari ya watoto na waulizane.

Na kwa wazazi wenzangu: mtoto akirudi na mkasi mwekundu kwenye daftari, usianze na "mbona umekosa?" Swali hilo lina jibu moja tu, nalo ni kunyamaza. Muulize: "Ulifikaje hapa?" Huhitaji kujua hisabati ili kuuliza hivyo. Unahitaji kusikiliza tu. Mara nyingi mtoto akianza kueleza huligundua kosa lake mwenyewe kabla hajafika mwisho. Asipoligundua, utakuwa na la kumwambia mwalimu wake, zaidi ya malalamiko.

Kabla sijashuka kwenye ile tuktuk, dereva alinambia ana binti wa gredi ya tano, na hesabu zimeanza kumshinda. Akanialika Jumamosi. Nikaenda. Binti ameandika kwamba 0.35 ni kubwa kuliko 0.7. Nilifungua mdomo nianze kueleza, maana ualimu ni ugonjwa usiopona. Baba yake akaniwahi, akainama kando ya mwanawe, akamuuliza: "Mamangu, ulifikaje hapa?"

Mtoto akasema: "Kwa sababu 35 ni nyingi kuliko 7."

Baba akanitazama mimi. Nikamwomba mtoto alete utepe wa kupimia wa mama yake mshonaji, tukatafuta mita 0.7 ilipo, na mita 0.35 ilipo. Saba ikaangukia kwenye sentimita 70, na thelathini na tano ikabaki pale pale kwenye 35. Mtoto akaurudia utepe mara mbili, akalivuta daftari lake na kuanza kufuta.

Nilichomfanyia mwanafunzi wangu mwaka 2004 sitaweza kukifuta. Nimemwomba msamaha, naye amesamehe, Mwenyezi Mungu amlipe kheri. Lakini wako walimu wapya wanaoingia madarasani mwaka huu, na vyeti vyao bado vyanuka wino. Ikiwa mmoja wao atasoma hapa, akasita kidogo kabla ya kucheka, itakuwa imenitosha.

Wabillahi tawfiq.